Vyaelea Vimeundwa: Kipimo, Maji na Mwili wa Binadamu

Katika Makaburi ya Brussels, ambayo licha ya jina lake yamo ndani ya manispaa ya Evere, amezikwa Adolphe Quetelet, mwanafalaki aliyezaliwa Ghent mwaka 1796 na kufariki Brussels mwaka 1874. Quetelet ndiye aliyeasisi kituo cha kuchunguzia nyota cha Brussels, kisha akaigeuza elimu ya nyota iwaelekee wanadamu. Katika kitabu chake cha mwaka 1835 alimleta ulimwenguni kiumbe ambaye hakuzaliwa na mama yeyote: mtu wa wastani. Wanafalaki wa zama zake walizoea kupima mahali pa nyota moja mara nyingi, kutafuta wastani, na kuzihesabu tofauti zilizobaki kuwa makosa ya upimaji. Quetelet aliihamishia desturi hiyo kwenye vifua vya askari wa Uskoti, kwenye vimo na mizani. Wastani ukawa ndio ukweli, na mtu mmoja mmoja, kwa urefu au ufupi wake, akawa kosa dogo pembeni mwa ukweli huo. Kanuni yake ya kugawanya uzito wa mtu kwa kimo kilichozidishwa kwa chenyewe ingali inatumika leo katika zahanati na vyumba vya mazoezi duniani kote.

Katika manispaa hiyohiyo ya Evere lipo bwawa la kuogelea la umma liitwalo Triton, jina la mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale. Shule nyingi za msingi za Ubelgiji huwapeleka wanafunzi bwawani, na miongoni mwa watoto wa Brussels wamo ambao wazazi wao walitoka Bukavu, Bujumbura, Kigali au Mombasa. Wengi wa wazazi hao wamewahi kusikia, mara kwa wageni na mara kwa ndugu zao wenyewe, kauli isemayo kwamba mifupa ya mtu mweusi ni mizito, kwamba mwili wake hauelei, kwamba yeye kaumbiwa kukimbia. Kauli hiyo hujivika joho la sayansi. Kwa hiyo swali linalozuka kati ya kaburi na bwawa ni la kimaadili kabla ya kuwa la kifiziolojia: kipimo kina haki gani juu ya yule aliyepimwa?

Brussels ni mahali pafaapo kuliuliza swali hili, kwa sababu elimu ya kuogelea ilipata hapa mojawapo ya chimbuko zake. Mwaka 1970 ulifanyika katika mji huu mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu biomekanika ya kuogelea, chini ya Léon Lewillie wa Université Libre de Bruxelles na Jan Pieter Clarys, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa kazi yake katika Vrije Universiteit Brussel. Lewillie alitafuta njia ya kunasa umeme wa misuli ya mwogeleaji angali majini. Clarys alilishika swali lililoonekana jepesi: je, umbo la mwili ndilo linaloamua ukinzani wa maji?

Ili kulijibu alikwenda Wageningen, Uholanzi, kwenye hodhi refu ambamo wahandisi huburuta mifano ya meli kabla meli zenyewe hazijaundwa. Waogeleaji waliburutwa humo wakiwa wamejinyoosha na kutulia, kama mfano wa jahazi. Kisha wakapimwa wakiogelea kwa nguvu zao wenyewe. Mwili ulioburutwa ulifuata kwa kiasi fulani hesabu ya umbo lake: kimo, upana, unene. Lakini mwili ulipoanza kuogelea, ukinzani ulipanda, na uhusiano kati ya maumbile na ukinzani ukadhoofika mno. Clarys alihitimisha kwamba umbo lina sauti ndogo pale mtu anapojiendesha, kwa kuwa mwogeleaji hulibadili umbo lake kila mara anaponyoosha mkono na kugeuza bega.

Haki inadai isemwe kwamba hitimisho hilo lilipingwa. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Amsterdam, akiwamo Peter Hollander na Huub Toussaint, walitengeneza kifaa chenye vibao vilivyofungwa chini ya maji, ambavyo mwogeleaji huvisukuma kwa mikono huku nguvu yake ikipimwa. Wao walipata ukinzani mdogo kuliko ule wa Clarys, na wakaona kwamba ukubwa wa kiwiliwili kinachokabiliana na maji una uzito wake katika hesabu. Hata hivyo, ni Toussaint huyohuyo aliyewalinganisha, mwaka 1990, waogeleaji wa mashindano na wanamichezo wa triathloni. Makundi hayo mawili yalitumia nguvu kwa kiasi kinachokaribiana. Tofauti ilikuwa mahali ilipokwenda nguvu hiyo: waogeleaji waligeuza asilimia 61 ya kazi yao kuwa mwendo wa mbele, na wenzao asilimia 44 tu, sehemu iliyobaki ilipotea katika kuyavuruga maji. Wenye pengo hilo ni watu wenye afya, wenye mapafu na misuli ya kutosha. Walichopungukiwa ni miaka ya kufundishwa namna ya kuyashika maji.

Hapa ndipo maabara inapoifikia falsafa. Mwili uburutwao na mwili uogeleao ni mwili mmoja kwa anatomia, lakini ni vitu viwili kwa maarifa. Wa kwanza ni kitu miongoni mwa vitu. Wa pili una mwenyewe ndani yake, ajifunzaye, achokaye, arekebishaye. Kosa la kimaadili hutokea pale kipimo kilichochukuliwa kwa wa kwanza kinapotangazwa kuwa hukumu juu ya wa pili.

Mfano wa karibu ni utafiti wa mwaka 2010 wa Adrian Bejan, Edward Jones na Jordan Charles. Walidai kwamba, kwa wastani, watu wenye asili ya Afrika Magharibi wana kitovu cha uzito kilicho juu zaidi kwa asilimia 3 kuliko wenye asili ya Ulaya, na kwamba hilo huwapa wa kwanza faida ya asilimia 1.5 katika mbio na kuwapa wa pili faida kama hiyo majini. Tuseme hesabu hiyo ni sahihi. Asilimia 1.5 ya mita 100 za mtindo wa kipepeo, kwa bingwa aogeleaye kwa sekunde 53, ni takriban sekunde 0.8. Katika fainali ya Olimpiki huo ni muda mkubwa. Lakini mwaka 1988 huko Seoul, Anthony Nesty, kijana mweusi wa Suriname, nchi iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50, alishinda mbio hizohizo kwa sekunde 53.00 dhidi ya 53.01 za Mmarekani Matt Biondi. Mwaka 2016 Simone Manuel wa Marekani aligawana dhahabu ya mita 100 za mtindo huru na Penny Oleksiak wa Kanada. Wastani haukukanushwa na watu hawa wawili, kwa sababu wastani haukanushwi na mtu mmoja. Ulionekana tu kuwa haukuwahi kuwazungumzia.

Zaidi ya hayo, sekunde 0.8 ina maana kwa watu wanane walio fainali. Kwa mtoto wa miaka saba anayesimama ukingoni mwa bwawa haina maana yoyote. Swali lake ni kama atavuka upande wa pili au atazama. Kulichukua jibu la swali la mabingwa na kumpa mtoto anayeuliza swali la uhai ni kumdhulumu, hata kama kila tarakimu katika jibu hilo ni ya kweli.

Huenda msomaji akahoji: je, hii si njia ya kuficha ukweli kwa kuogopa matumizi yake? Miili inatofautiana, na kunyamaza hakuisawazishi. Hoja hiyo ni nzito, nayo inastahili mfano ulio mzito vilevile. Mwaka 2018 ilichapishwa tafiti juu ya Wabajau wa Indonesia, watu wa bahari ambao huzamia kwa pumzi moja. Bandama zao zilikutwa kubwa kwa takriban asilimia 50 kuliko za majirani zao wakulima, na sehemu ya tofauti hiyo imo katika jeni zao. Tofauti ipo, na hakuna sababu ya kuificha. Ila mfuatano wa mambo unafaa kuangaliwa: hakuna aliyewapima Wabajau bandama kwanza ndipo akawaruhusu kuzamia. Waliingia baharini kwa vizazi vingi, na mwili ukafuata.

Mfuatano huo unapogeuzwa, kipimo huwa mlango unaofungwa. Wasomaji wenye asili ya Rwanda na Burundi hawahitaji kufundishwa jambo hili: utawala wa Kibelgiji ulipima vimo na pua za watu, na katika miaka ya 1930 ukaandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho, hata mstari wa wino ukawa majaaliwa. Bwawani mambo ni madogo kwa kulinganisha, lakini mantiki ni ileile. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kuogelea lilikataa kofia za Soul Cap, zilizotengenezwa kwa nywele nene za asili ya Kiafrika, kwa hoja kwamba hazifuati umbo la asili la kichwa. Mtu wa wastani wa Quetelet alikuwa amepewa kichwa, na nywele. Mwaka uliofuata shirikisho liliziruhusu kofia hizo.

Katika pwani ya Waswahili, uzito wa jambo hili hauhesabiwi kwa medali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, walio wengi mno katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kuzama kwa MV Bukoba katika Ziwa Viktoria mwaka 1996, na kwa MV Spice Islander kati ya Unguja na Pemba mwaka 2011, kulitokana na vyombo na waliovisimamia, wala si haki kuwalaumu marehemu kwa kutojua kuogelea. Lakini kuna vifo vya kila siku, vya kisimani, mtoni na ufukweni, ambavyo mafunzo ya wiki chache yangevizuia. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya stara, katika kisiwa ambacho wasichana wengi hukua wakiiona bahari kila siku bila kuingia maji ya kina. Kilichowazuia kilikuwa desturi, mavazi na kukosa mwalimu. Mwalimu na vazi vilipopatikana, walijifunza.

Lugha ya Kiswahili ina hekima yake katika hili. *Kuelea* ni hali: gogo huelea, boya huelea. *Kuogelea* ni tendo, lililonyambuliwa kutoka *kuoga*, na unyambuaji wake maradufu unabeba maana ya kuendelea na kushikilia, kama ilivyo katika *kuendelea* kwenyewe. Nao wahenga, walioishi na majahazi, walisema kwamba vyaelea vimeundwa. Aonaye chombo kikikata maji asisahau shoka, misumari na mikono ya fundi.

Sayansi ya kuogelea haina haja ya kuacha kupima. Clarys na Toussaint wamewafaa makocha na waogeleaji wengi, kwa sababu waliwapima watu waliokwisha kuingia majini ili wapite humo vyema zaidi. Hiyo ndiyo kazi halali ya kipimo. Kwa mtoto wa Evere mwenye wazazi wa Bukavu, kama kwa binti wa Nungwi, haki ya kwanza ni somo la kwanza: maji yanayomfika kifuani, mwalimu mwenye subira, na kiganja chini ya mgongo mpaka atakapokuwa hakihitaji tena. Baada ya hapo, akitaka, apimwe.