Anayesomea ubingwa wa dharura

Kila asubuhi, pale Hospitali ya Muhimbili, kuna daktari anayemkabidhi mwenzake wagonjwa wa usiku, kisha anakwenda kusoma. Tangu 2010 hospitali hiyo imekuwa ikilea mabingwa wa tiba ya dharura, na njia ya ubingwa inapita kwenye mtihani wa kuandika.

Swali huwa fupi: mtu mzima ameumwa na nyuki, midomo imevimba, anahema kwa shida, presha imeshuka. Unaanza na nini? Adrenalini, nusu miligramu, sindano ya msuli, upande wa nje wa paja. Vidonge vya mzio vinasubiri. Kitabu kikiwa wazi mbele yako, jibu hilo unaliona jepesi mno. Ndiyo maana nawasihi madaktari wetu: fungeni kitabu, andikeni jibu kutoka kichwani, ndipo mlisahihishe. Kupiga mistari ya rangi kitabuni kunadanganya.

Na wewe unayeishi na daktari kama huyo, mwache alale kwanza akitoka zamu, maana usingizi husaidia ubongo kuyashika aliyoyasoma. Mwekee chai kwenye chupa. Jioni, chukua daftari lake umuulize maswali, hata kama majina ya dawa yanakushinda kuyatamka.