Nyiragongo, Silika na Kadari

Kizuka, nchini Burundi, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika upande wa Rumonge, haina mlima wa moto. Kilicho karibu kufanana nao ni chemchemi za Mugara, ambazo maji yake hupata joto kwa kuzama chini sana katika nyufa za Bonde la Ufa kabla ya kupanda tena. Hata hivyo volkano zina mkono katika ziwa hili. Milima ya Virunga ilipoinuka, ililizibia Ziwa Kivu njia ya kaskazini. Maji yakajaa, yakatafuta kusini, na Mto Rusizi unayaleta Tanganyika hadi leo.

Basi Nyiragongo, mmoja wa milima hiyo ya Virunga, juu ya mji wa Goma nchini Kongo, ikilipuka, swali linalozuka Goma huwahusu na watu wa huku: je, Mungu amewaadhibu? Swali hilo si la kupuuzwa. Sehemu ya jibu lake imo ndani ya jiwe lenyewe.

Lava ni mwamba ulioyeyuka. Ndani yake silikoni na oksijeni hushikana na kufanya minyororo. Silika ikiwa nyingi, minyororo hurefuka na kufungamana, na lava hujikokota, au hukwama mdomoni mwa mlima mpaka gesi iupasue. Sodiamu, potasiamu na kalsiamu huikata minyororo hiyo, na joto huilegeza. Anayekamua mawese anayajua mambo haya kwa mikono yake: alfajiri ya baridi mawese huganda, yakiinjikwa motoni hutiririka, lakini mafuta ya alizeti, katika baridi ileile, hubaki majimaji, kwa kuwa yameumbwa vingine.

Silika ya lava ya Nyiragongo ni kama asilimia 40 tu, ilhali lava za baadhi ya volkano hupita asilimia 70. Joto lake linazidi nyuzi 1,000, na miteremko ya mlima ni mikali. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa zima la lava lililokuwa kileleni likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Kasi yake ilikadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa. Watu wengi walikufa, na kundi la tembo likafunikwa pia. Lava ilipoganda, ilibaki na mashimo yenye umbo la miili yao.

Tembo hao walikuwa wamekosa nini?

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma. Ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikateketeza maduka, na kanisa kuu la Wakatoliki nalo halikusalimika. Ilifuata mteremko, haikuchagua nyumba ya mcha Mungu wala ya mlevi. Anayesema waliokufa walikuwa waovu kuliko waliopona anasema neno ambalo hata Injili imelikataa: katika Luka sura ya 13, Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakana kwamba walikuwa wakosefu kuwazidi wenzao wa Yerusalemu.

Je, silika ikieleza yote, Mungu anabakiwa na nafasi gani? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilitafakari jambo hili kwa mfano wa moto na pamba. Moto, alisema, hauunguzi kwa nguvu zake. Mungu ndiye anayeumba kuungua kila vinapokutana, na sisi tumezoea kuviona pamoja. Mwanafalsafa Ibn Rushd akampinga: anayevinyima vitu tabia zao anaifuta elimu. Mabishano hayo ni mazito, lakini mbele ya lava wote wawili wangekimbia. Desturi ya Mungu anayoizungumzia Ghazali ni thabiti kiasi kwamba inapimika kwa kipimajoto.

Uthabiti huo unaonekana vizuri Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu na kwenda kumwomba Mungu hapo. Lava yake ya kabonati ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava nyingi, na hata hivyo hutiririka kwa wepesi kuliko zote zinazojulikana duniani, kwa sababu karibu haina silika. Hutoka nyeusi, kisha hugeuka nyeupe ikipata unyevu. Kuyajua haya hakupunguzi utukufu wa mlima ule, pengine kunauongeza.

Kuna kisa kinachowafaa zaidi wanaoishi chini ya Nyiragongo. Siku moja Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Sham, yaani eneo la Siria, akasikia kwamba tauni imeingia huko. Akaamua kurudi. Kamanda wake Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, na Umar akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu.

Lakini wa kukimbia lazima aonywe. Nyiragongo ilipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021 na kuua watu wapatao 30, kituo cha Goma kinachochunguza volkano kilikuwa kimetoka katika miezi ya uhaba wa fedha, ambamo hata intaneti ya kupokelea vipimo kutoka mlimani ilikatika. Silika ya mlima haina wa kulaumiwa. Bili ya intaneti ina wenyewe, na hao ndio wanaopaswa kuulizwa kabla ya kuwauliza wafu dhambi zao.