Bei ya Mtu

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, si mbali na Kanisa letu la Minara Miwili, pako mahali paitwapo Mkunazini. Hapo watu waliuzwa sokoni hata mwaka 1873. Mapadre waliofika Unguja mwaka 1860, na wenzao waliowafuata, walitoa fedha wakakomboa watumwa, hasa watoto. Lilikuwa tendo jema, walakini lenye uchungu: fedha ile ile iliyomfungua mtoto mmoja ilimpa mwuzaji tamaa ya kumwendea wa pili.

Swali hilo la Mkunazini huwarudia wakuu wa serikali kila ndege itekwapo na abiria wake kushikwa mateka. Je, ni halali kusemezana na watekaji? Wako wasemao kwamba kusemezana ni woga. Wako wasemao wapewe wote watakacho, mradi watu wapone.

Sisi Watanzania jambo hili limetufika. Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya Air Tanzania iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa, ikapitia Nairobi, Jeddah na Athens, ikaishia Stansted, Uingereza. Vijana walioiteka walidai Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Wakuu wa huko hawakukimbilia bunduki, bali walisemezana nao kwa saa nyingi. Hata Oscar Kambona, mpinzani wa Mwalimu, alisema nao. Tarehe 28 mateka wakaachiliwa, na watekaji wakajisalimisha, wakafungwa. Walichodai hawakukipata. Mwalimu aling'atuka mwaka 1985 kwa hiari yake, akapokewa kwa njia ya halali na Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Zanzibar.

Basi tujue: kusemezana na mkosaji si kukubaliana naye. Maneno na subira vyaweza kutolewa bila kipimo. Kisichoweza kutolewa ni haki ya watu wengine wasiokuwamo ndani ya ndege.

Hata hivyo, maneno hayatoshi kila mara. Oktoba 1977 ndege ya Lufthansa ilitekwa, na rubani wake, Jürgen Schumann, akauawa Aden. Ndege ilipofika Mogadishu, mazungumzo yaliendelea huku askari wa Ujerumani wakijiweka tayari. Kisha, kwa ruhusa ya serikali ya Somalia, wakaivamia usiku na kuwaokoa mateka. Mwenye dhamana ya kulinda watu hatendi dhambi amzuiapo kwa nguvu mtu aliyekwisha kuanza kuua.

Siku zile zile Baba Mtakatifu Paulo VI alitamka kwamba, kama ingefaa kitu, yu tayari kujitoa mwenyewe kwa ajili ya mateka wale. Hilo halikuwa jambo geni katika Kanisa. Shirika alilolianzisha Mtakatifu Petro Nolasko mwaka 1218 kwa ajili ya kuwakomboa mateka lilikuwa na nadhiri ya kukaa kifungoni badala ya mateka, ikibidi. Hapo fumbo la Mkunazini lapata jibu lake. Mteka watu hudai bei itokayo kwa mwingine. Mkombozi hulipa kwa nafsi yake. Ndivyo alivyofanya Bwana wetu Yesu Kristu, aliyeutoa uhai wake uwe fidia.

Wazazi Wakristu, msidhani mambo haya ni ya viwanja vya ndege tu. Baba amzuiaye mtoto asimwone mama yake, mpaka ugomvi wa wakubwa umalizike kama atakavyo, amemfanya mtoto huyo mateka. Wakwe wamfungiao binti nyumbani mpaka mahari itimizwe wamemtia bei mtu asiye na bei. Waacheni kwanza, ndipo mketi kuzungumza.

Tuwaombee wote walioshikwa mateka, na wale wanaosemezana kwa ajili yao, Mungu awape subira na busara. Tuwaombee na watekaji pia, wafungue mikono yao kabla haijamwaga damu.