Mchuzi wa Kuongezwa

Hapa Kirando tunakula ugali kwa migebuka, lakini kila nikikunja chapati humkumbuka Mhindi mmoja mwenye hoteli, Dar es Salaam, nilikokuwa nikila na wanachuo wenzangu wawili wa ualimu. Alikuwa akituongezea mchuzi bila malipo.

Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na lake likiwamo. Tulishangilia. Hata leo naiona haki katika sheria ile. Jumamosi iliyofuata tukaenda kula kama kawaida. Akatuongezea mchuzi.

Je, sheria ikiwa ya haki, inamwondolea mtu wajibu wa kumpa pole aliyemlisha? Sisi watatu tuliinamia sahani, tukalipa, tukaondoka.