Kujiandaa kwa Utabibu: Je, Alama Zatosha?

Kijana mmoja wa hapa Mbugangari, niliyemfundisha Kiswahili kwa miaka mitatu, alinijia nyumbani jioni moja akiwa na habari njema: amekubaliwa kusomea udaktari. Baba yake, ambaye huuza viatu sokoni, alikwisha kuitangaza habari hiyo mtaa mzima, na watoto wa jirani walikuwa wameanza kumwita "Dokta". Nilimpa mkono wa heri, nikamkaribisha kahawa, naye akaniuliza: "Mwalimu, imebaki miezi michache chuo kifunguliwe. Nijiandae vipi?"

Nilitaka kumjibu upesi kwamba ajikumbushe kemia na bayolojia, na akinoe Kiingereza chake. Jibu hilo lingekuwa sahihi, wala lisingenigharimu kitu. Lakini swali lake lilinikaa moyoni, kwani ndani yake niliona swali jingine lililo zito zaidi, nalo ndilo ningependa tulijadili katika makala haya: je, vile vinavyopimwa kwa mtihani vyatosha kumwandaa mtu kushika mwili na uhai wa mwenzake?

Yafaa kwanza tuitazame njia yenyewe. Nchini Marekani kijana hatoki sekondari akaingia moja kwa moja katika chuo cha udaktari. Husoma kwanza shahada nyingine, kwa kawaida miaka minne, hufanya mtihani maalumu wa kuingilia, ndipo aombe nafasi ya kusomea udaktari kwa miaka minne mingine. Katika miaka ile ya mwanzo wengi wao hujitolea hospitalini, na katika usaili huulizwa sababu ya kuitaka kazi hiyo. Kwetu mambo ni tofauti. Hapa Rwanda, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda, aliyefaulu vizuri masomo ya sayansi katika sekondari huweza kuingia moja kwa moja katika masomo ya udaktari. Kitivo cha tiba kilikuwa miongoni mwa vitivo vya kwanza vya Chuo Kikuu cha Taifa kilichofunguliwa Butare mwaka 1963. Leo kazi hiyo imo mikononi mwa Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013, pamoja na vyuo vingine vilivyofuata.

Sisemi kwamba njia yetu ni mbaya. Nchi yenye uhaba wa madaktari haina miaka ya kuchezea. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka kumi na tisa au ishirini hana kituo cha kupumzikia na kujiuliza kati ya dawati la shule na kitanda cha mgonjwa. Kama kuna jambo analopaswa kulijua kabla ya kufika chuoni, basi hana budi kulipata nyumbani au shuleni. Ndiyo maana swali la kijana yule haliwahusu madaktari peke yao; latuhusu sisi walimu pia.

Wapo wasemao kwamba msingi wa utabibu ni moyo mwema, na kwamba elimu ni nyongeza tu. Mimi sikubaliani nao. Mtu mpole asiyejua kipimo cha dawa aweza kuua kwa upole wake. Mtoto anayetetemeka kwa malaria haponi kwa tabasamu. Tena tufikiri jambo hili: mgonjwa atakayetibiwa na kijana huyu tayari yu hai. Leo anauza sambaza ufukweni mwa Ziwa Kivu, au anavuka mpaka alfajiri kwenda Goma na kapu la karoti kichwani, wala hajui kwamba baada ya miaka kumi atalazwa mbele ya kijana ambaye usiku huu anafungua kitabu chake au anakifunga. Kwa hiyo mwanafunzi anayeibia mtihani wa kemia hamdanganyi mwalimu peke yake. Anamwibia mama yule wa karoti.

Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya mwaka 1964, aliwafananisha waliopata elimu na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenziwe msaada. Akila asirudi, amewasaliti. Mfano huo wamfaa mwanafunzi wa udaktari kuliko mwingine yeyote. Elimu yake ni amana. Kusoma kwa bidii ni sehemu ya maadili ya kazi yake, na sehemu ya kwanza.

Lakini je, elimu peke yake yatosha? Katika nchi yetu swali hili halikungoja wanafalsafa, historia ililijibu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wengi walikimbilia katika eneo la kanisa na hospitali ya Mugonero, katika Kibuye, wakitumaini kuokoka. Miongoni mwa madaktari wa hospitali hiyo alikuwamo Gérard Ntakirutimana. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na jinai dhidi ya binadamu, ikamhukumu kifungo cha miaka 25, na rufani ya mwaka 2004 haikuibadili adhabu hiyo. Alikuwa na shahada. Alikuwa amefaulu mitihani.

Tumtazame sasa daktari mwingine wa eneo letu hili la Afrika. Matthew Lukwiya alikuwa mkuu wa Hospitali ya Lacor karibu na Gulu, kaskazini mwa Uganda. Huyu naye alikuwa mwanafunzi hodari sana. Oktoba 2000 alikuwa Kampala akisomea shahada ya uzamili alipopigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa maradhi yasiyofahamika. Alirudi, akakesha akisoma majalada ya wagonjwa na taarifa za maradhi ya kutokwa damu, akatambua kwamba huenda ni Ebola kabla ya maabara kuthibitisha, kisha akaongoza kazi ya kuwatenga wagonjwa na kuwauguza. Hakuondoka. Aliambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba 2000.

Watu hawa wawili walipita katika mlango mmoja wa elimu. Cheti hakikuwatenganisha. Na tuangalie vizuri kwamba kwa Lukwiya, kukesha kitabuni na kubaki na wagonjwa havikuwa mambo mawili yanayoshindana. Alisoma usiku ule kwa sababu kuna watu waliokuwa wakifa. Kilichowatenganisha ni jibu la swali ambalo halimo katika karatasi yoyote ya mtihani: huyu aliyelala mbele yangu ni nani kwangu?

Msomaji ataniuliza, basi jambo hilo lasomwa wapi? Hakika hatuwezi kumfundisha kijana ushujaa kwa kumsomea habari za mashujaa. Samaki mkunje angali mbichi, na kukunjwa huko huanza na mambo madogo, nayo ni mazoea ya kila siku. Miongoni mwa mambo hayo, lililo letu sisi walimu wa lugha ni hili: kumzoeza kijana kuyapokea maneno ya mtu dhaifu kama maneno yenye maana. Nitaeleza kwa kisa kilichonifika mwenyewe, ambacho sikisimulii bila haya.

Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu, mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka aliyeishi nasi hapa, alipelekwa katika hospitali moja. Daktari kijana alimwuliza anaumwa na nini. Shangazi akajibu kwa Kiswahili cha kwao: "Roho inaniuma, mwanangu. Roho inaniuma sana." Daktari yule alikuwa amejifunza Kiswahili shuleni, akajua vema kwamba roho si moyo. Alidhani mama huyu ana huzuni. Alimfariji kwa maneno mazuri, akamwuliza kama amefiwa, akampa dawa ya usingizi. Siku ya pili mwanamke aliyekuwa akipiga deki wodini alimsikia shangazi akirudia maneno yale, akamwendea daktari na kumwambia kwamba kwa watu wa upande wa pili wa mpaka roho ndiyo moyo huu unaodunda kifuani. Ndipo akapimwa, na ugonjwa wa moyo ukaonekana. Shangazi aliishi miaka mitatu baada ya hapo.

Nilipopata habari hiyo nilimkasirikia daktari yule. Kisha usiku nikakumbuka madaftari ya wanafunzi wangu. Mara ngapi nimelikata neno hilohilo kwa wino mwekundu! Mara ngapi nimewaambia darasani kwamba Kiswahili cha Goma ni kibovu, nao wakacheka! Daktari yule hakuwa mwanafunzi wangu, lakini angaliweza kuwa, na angalipata alama zote. Nilikuwa nikiwafundisha vijana neno lililo sahihi, na papo hapo nikiwafundisha kutomsikiliza asiyelitumia.

Sitaki nieleweke vibaya. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini mwetu mwaka 2017, sisi walimu tuna wajibu mkubwa wa kukifundisha Kiswahili sanifu, nami nitaendelea kusahihisha insha. Lakini usanifu ni kipimo cha insha. Si kipimo cha mtu. Mgonjwa haandiki insha. Husema "tumbo linanikata", "mwili mzito", "damu inanienda mbio", na kila neno ni dalili kwa ajuaye kuuliza. Hata saa ina hatari yake. Anayefikiri kwa Kiingereza akasema "meza kidonge saa kumi", naye akikusudia saa nne ya asubuhi, amemfanya mgonjwa achelewe kwa saa sita.

Lugha yenyewe yatuonya. Mtu huugua, anayemtunza humwuguza. Kitenzi cha pili kimezaliwa na cha kwanza, wala hakiwezi kusemwa bila kupitia kwake. Nionavyo mimi, mababu walioliunda neno hili walijua kwamba hakuna njia ya kumwuguza mtu pasipo kukaribia kuugua kwake.

Labaki suala la heshima. Je, ni kosa kijana kuutaka udaktari kwa sababu ya jina na mshahara? Nionavyo, si kosa kutaka riziki, wala baba wa kijana yule hakukosea kufurahi. Ameuza viatu miaka mingi akilipa karo. Kosa huja pale ambapo heshima inalipwa kabla ya kazi. Anayeitwa "Dokta" kabla hajamtazama mgonjwa hata mmoja huzoea kusikilizwa kabla ya kuzoea kusikiliza. Nasi walimu tuna sehemu yetu katika kosa hilo, kwani huwatukuza wenye alama za juu, na yule anayempeleka nyumbani mwenzake aliyeshikwa na homa hatumtaji hata siku ya kufunga shule.

Basi nilimwambia nini kijana wangu? Nilimwambia mambo matatu. La kwanza, asome sayansi zake kila siku, wala asidhani kwamba yatakayofuata yanamsamehe hilo. La pili, amtafute mmoja wa washauri wa afya wa mtaa, wale wanaochaguliwa na wakazi wenyewe, wasio na shahada, wanaowatibu watoto wetu malaria na kuharisha. Na kama ataruhusiwa, afuatane naye, abebe mfuko wake, anyamaze. La tatu, awe na daftari, ayaandike maneno ya wagonjwa na wazee kama wanavyoyasema wao, bila kusahihisha hata moja.

Aliniuliza, "Mwalimu, haya yatatoka katika mtihani?"

Nikamjibu, "Hayatatoka, mwanangu."

Alinyamaza kidogo, akamaliza kahawa yake, akaaga. Sikujua kama atafanya. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tumezoea kuitumia methali hiyo tunapohimiza bidii. Lakini katika hospitali zetu, kando ya kitanda, sakafuni, hulala ndugu wa mgonjwa na mkeka wake na sufuria yake, naye ndiye ajuaye mgonjwa alikohoa mara ngapi usiku. Daktari asiyeinama hatamsikia.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Katika kila darasa letu kuna kijana atakayekuja kushika uhai wa watu. Hatumjui ni yupi. Hatuwezi kumfundisha anatomia, lakini namna atakavyomsikiliza mtu asiyesema sawasawa, hilo atalichukua kwetu, tupende tusipende.

Wiki tatu baadaye kijana alirudi. Daftari lilikuwa limejaa karibu nusu. Nililipokea, nikalifungua, na katika ukurasa wa kwanza nikaona, kwa mwandiko wake mzuri: roho inanidunda. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kalamu nyekundu. Nikairudisha mfukoni, nikaendelea kusoma.