Lumbesa ya Akili

Ukifika Iguguno, kando ya barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, wakati wa kuuza vitunguu, hutachelewa kusikia neno lumbesa: gunia lililojaa, kisha likashonewa nyongeza juu. Sheria inaikataza, lakini mkulima mwenye shida ya pesa anafunga tu.

Neno hilo lilinirudia nilipokwenda kumsalimia mama mdogo. Mwanawe wa miaka tisa alipewa jaribio la akili na wageni waliopita shuleni: michoro, maumbo, na saa ya kuhesabu dakika. Jibu likaja kwamba yuko chini. Mama mdogo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wewe umesoma. Ndiyo kusema mdogo wako ni mzito?"

Sikumjibu. Dogo mwenyewe alikuwa uani, anakunja waya kutengeneza lori ambalo usukani wake unageuza matairi kwelikweli.

Jaribio la kuaminika hudaiwa mambo matatu. Uthabiti: ukimpima mtu leo na wiki ijayo, majibu yakaribiane. Uhalali: lipime kile linachodai kupima. Na usanifishaji: alama ya mtoto ilinganishwe na za wengi wanaofanana naye kwa umri, lugha na maisha. Sasa angalia: lumbesa inaweza kuwa thabiti kabisa, kila gunia likazidi kwa kiasi kilekile. Bado ni dhuluma.

Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti ambapo watoto wa Zambia na wa Uingereza waliiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, Wazambia. Kwa udongo wa kufinyanga, wakawa sawa. Huku kwetu, karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa shule, wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kuyakabili maswali, wakawapima tena. Alama zikapanda, kama walivyoeleza mwaka 2002. Kumbe sehemu ya kilichopimwa mara ya kwanza ilikuwa ugeni wa jaribio lenyewe.

Je, tuyatupe majaribio? Hapana. Bila kipimo tunabaki na jicho la mwalimu, nalo lina upendeleo wake. Ila apimaye awajibike kwanza. Mwaka huohuo wa 2002, Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha kazi yao ya Dar es Salaam: maswali ya kutambua sonona kwa wajawazito wenye VVU waliyalinganisha na mahojiano ya kitaalamu, waone kama yanasema kweli kwa wanawake hao. Huo ndio uungwana wa kupima: mizani ipimwe kabla ya mtu.

Jioni nilimwambia mama mdogo, "Walichopima ni mtoto na karatasi. Akili yake bado hawajaijua."

Akanitazama. "Sasa hayo si wangeyaandika kwenye ile fomu yao?"

Fomu iko kwenye faili la shule. Haina hata mstari mmoja unaosema hivyo.