Mshindani Asikosekane

Mpwa wangu alikaa siku tatu akitengeneza timu ya viumbe sita, bila kupigana hata pambano moja. Tunakaa Buswelu, Mwanza, huku juu kwenye mawe, na umeme ukikatika jioni mwanga unaobaki nyumbani ni wa simu yake. Alimtoa huyu, akamwingiza yule, akahesabu, akafuta. Juzi nilimwuliza kwa nini asichukue sita wenye nguvu kuliko wote, mambo yakaisha. Akaacha kubonyeza.

"Anko, hakuna mwenye nguvu kuliko wote. Inategemea nani amesimama upande wa pili."

Jibu hilo nililala nalo, na hadi sasa naamka nalo.

Mchezo wenyewe ni Pokémon. Aliyeubuni ni Mjapani, Satoshi Tajiri, ambaye utotoni alikuwa mtafuta wadudu hodari. Alipoona waya unaounganisha mashine mbili za Game Boy, akawaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Mchezo ulipotoka mwaka 1996 ulitolewa kwa namna mbili, nyekundu na kijani, na kila namna ilikosa baadhi ya viumbe waliomo kwenye nyenzake. Mtoto aliyejifungia ndani peke yake asingeweza kuwapata wote. Ilimbidi amtafute mwenzake. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mtu wa pili alikuwa sehemu ya mchezo.

Watu wazima wengi wanaomwona kijana ameinamia simu hudhani anabonyeza tu. Nami nilidhani hivyo. Kumbe kuna aina 18 za viumbe, na aina moja huionea nyingine, nayo huonewa na nyingine tena: moto huunguza majani, majani hunywa maji, maji huzima moto. Hakuna aina isiyo na mbabe wake. Kisha kila kiumbe hulelewa. Ana pointi 510 za mafunzo za kugawanya kwenye uhai, mashambulizi ya namna mbili, ulinzi wa namna mbili, na kasi, na sehemu moja haipokei zaidi ya 252. Ukijaza mbili umebakiwa na pointi sita tu za kugawia nyingine zote. Kumpa kasi ni kumnyima ngozi ngumu. Kumpa ngozi ngumu ni kukubali atachelewa kupiga. Mpwa wangu anapokaa siku tatu, anachokifanya ni kuamua kila kiumbe wake awe dhaifu wapi, na nani katika wale watano amzibie pengo hilo.

Katika mashindano rasmi kila mchezaji huja na sita, huwaona sita wa mwenzake, halafu huchagua wanne wa kupigana, wawili wawili uwanjani. Mwaka 2014, mjini Washington, Sejun Park wa Korea Kusini alichukua ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu kikosini. Huyo ni kindi mdogo mweupe mwenye mstari wa buluu, mnyama ambaye wachezaji wakubwa hawakuwa na habari naye. Hakuwekwa pale aue. Kazi yake ilikuwa kuyavuta mapigo ya adui yamwangukie yeye, mwenzake apate nafasi ya kufanya kazi. Park alikuwa amechunguza mapigo yanayotumika sana msimu ule, akaona mnyama huyu anaweza kuyastahimili. Msimu mwingine, mbele ya watu wengine, kindi yuleyule asingekuwa na kazi. Hapo ndipo nilipomwelewa mpwa wangu. Tumezoea kusema fulani ana nguvu kama tunavyosema fulani ana kitambi, kana kwamba nguvu ni kitu anachotembea nacho. Nguvu huonekana wawili wanapokutana. Kabla ya hapo kuna mwili tu.

Babu zangu hawakuhitaji Wajapani wawaambie hilo. Masimulizi ya Usukuma yanasema katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana dawa ya nani ina nguvu. Hawakushika mikuki. Walipiga ngoma: kila mmoja na wafuasi wake, siku moja, uwanja mmoja, wakati mmoja, na atakayevuta watu wengi ndiye mwenye dawa. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na mashindano hayo hayajakoma. Hufanyika baada ya mavuno, watu wakiwa na chakula ndani na muda mkononi. Hakuna refa mwenye kuhesabu vizuri kuliko miguu ya watazamaji. Ukichoshwa na hawa unageuka, unavuka uwanja, unawaongezea wale.

Bujora, pale Kisesa, si mbali na kwetu. Ndipo Padri David Clement kutoka Kanada alipoanzisha makumbusho ya Wasukuma, na ndipo inaposherehekewa Bulabo, sikukuu ya maua, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi mwezi wa Juni. Nilipelekwa nikiwa mdogo. Ninachokumbuka vizuri zaidi ni chatu. Mchezaji alikuwa amemzungusha shingoni, anainama naye, anamwinua, anamwongelesha kama mtu amwongeleshavyo ng'ombe wake, na umati wote ulimiminika upande wetu. Nikajua tumeshinda. Mara ng'ambo ya pili ngoma ikabadilika mdundo, vumbi likapanda, sauti za kike zikapokezana, na nikawaona watu wanaanza kugeuza shingo mmoja mmoja. Hadi leo sijui walikuwa wanaonyesha nini, maana niligoma kwenda kuangalia. Lakini mwenye chatu wetu nilimwona. Alitupa jicho kule, akacheka, akaanza kucheza vizuri kuliko alivyokuwa akicheza mwanzo.

Kicheko kile ndicho ninachojaribu kukiandika. Yule mtu alikuwa ananyang'anywa watazamaji mbele ya macho yake na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata. Miezi yote ya kumlisha nyoka, kutunga nyimbo kwa siri na kushona mavazi ilikuwa inaelekea kwenye dakika ile, na dakika ile hakuweza kujipa mwenyewe. Alipewa na Mgalu, au Mgika, sikumbuki sisi tulikuwa upande upi. Vizazi vimepita, na hakuna upande uliowahi kuumaliza mwingine. Bagika wangefanikiwa kuwafuta Bagalu, nao wangebaki kundi la watu wanaoruka vumbini.

Kushinda mpaka mshindani aishe tumekuona sisi watu wa ziwa. Zamani ziwa hili lilikuwa na furu wa mamia ya aina, wadogo, kila aina na kazi yake: wapo waliokwangua mwani kwenye mawe, waliovunja konokono, waliopokonya wenzao magamba, hata waliokula mayai na vifaranga ambavyo furu mwingine alivihifadhi mdomoni. Watafiti Waholanzi waliofanya kazi hapa kwenye ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970 walikuwa bado wanazipanga na kuzipa majina. Sangara alikuwa ameshaingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, samaki anayeweza kufika kilo 200. Katika miaka ya 1980 akatapakaa, na aina za furu zikaanza kutoonekana kwenye nyavu, moja baada ya nyingine. Uchafu uliozidi majini nao ulichangia. Sangara alishinda. Chakula chake kikuu kilipokwisha akageukia dagaa, akageukia uduvi, akageukia watoto wake mwenyewe.

Sisemi sangara ni laana. Viwanda vyake vimeajiri ndugu zangu, na karo yangu ilitoka kwenye minofu yake. Nasema tu picha ya mshindi anayekula wanawe haijanitoka.

Nilimsimulia mpwa wangu habari hiyo akaipokea kama kitu anachokijua. Akaniambia kuhusu Rayquaza, joka la kijani ambalo katika michezo ya mwaka 2014 lilipewa umbo jipya. Wachezaji wanaojitungia kanuni zao mtandaoni wana daraja la viumbe waliokatazwa mapambano ya kawaida kwa kuwa wana nguvu mno, wakipambanishwa wao kwa wao. Hilo joka likawashinda hata hao. Ikabidi litengewe daraja lake, lisilo na kanuni karibu yoyote. Walioliondoa ni mashabiki walewale waliolipenda. Waliona kwamba likiachwa, hakutakuwa na haja ya mtu kukaa siku tatu kuwaza. Laiti ziwa nalo lingekuwa na watu wa kukaa chini namna hiyo mapema.

Dada yangu anamwambia kijana anapoteza muda kwa wanyama wasiokuwepo. Nimejaribu kumtetea na nimeshindwa, kwa sababu kweli hawapo: hakuna maziwa, hakuna mbolea, hakuna wa kuuza mnadani. Kilichopo ni yule wa upande wa pili. Mpwa wangu hamjui jina lake wala nchi yake, lakini kwa siku tatu amemfikiria kwa makini kuliko anavyowafikiria wengi tunaokula naye sahani moja. Ataanza na nani? Anaogopa nini? Ataona wapi pengo langu? Kumfikiria mtu kiasi hicho, hata kwa nia ya kumshinda, mimi nakuita heshima, na sijui mahali pengi kijana wa miaka 15 anapofundishwa.

Jana usiku amepigana. Ameshindwa, kiumbe wake wa mwisho akibakiwa na uhai kidogo sana. Alikaa kimya, akacheka, akafungua timu upya.

Juni ikifika nitampeleka Bujora. Nawe ukipata nafasi, panda gari la Kisesa uje. Simama katikati ya uwanja, ngoma zote mbili zikiwa zimeanza, na usiharakishe kuchagua upande.